Moto wa Korongoni

Kansay, Jumatano, Julai 1983

Ukungu umeshuka tangu alfajiri na haujaondoka. Baridi inauma, lakini mimi leo nimechemka.

Mwezi uliopita mdogo wangu Paulina alimzika mwanawe mchanga. Tangu hapo yeye ni metimani, na sisi Wairaqw tunajua maana yake: haingii nyumba ya mtu, hachoti maji kisima cha wote, hapewi hata kaa la moto. Msiba wake unaogopwa kama ndui. Anashinda ndani akitazama ukuta, na tangu Jumapili hajatia kitu kinywani.

Nimepita kila mlango unaojigamba kusaidia watu. Zahanati walimpa aspirini.

Aspirini! Kana kwamba mtoto ni kichwa kinachouma.

Akina mama wa kanisani, wanaoimba upendo mpaka mabati yanatikisika, waliniambia wanamwombea. Wakiwa wapi? Majumbani kwao. Balozi wa nyumba kumi, ambaye kila mkutano hutuhubiria ujamaa, alinijibu, "Dada, mila ni mila. Muda wake ukiisha tutampokea."

Na akifa kabla muda haujaisha, mtampokea wapi?

Leo nilimshika mkono tukashuka korongoni. Huko wanakaa wanawake watatu waliofiwa kama yeye. Wana kisima chao na moto wao, na kijiji huwacheka. Njiani nilipanga hotuba nzima juu ya ukandamizaji.

Sikuitoa. Mama Safari, mkubwa wao, alimtazama Paulina akasema, "Karibu kwenye kikundi chetu, mwanangu. Kiingilio umeshalipa."

Wakacheka. Nilitaka kuwafokea. Lakini Paulina naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, kile ambacho hakuwa amelia hata kaburini. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Walimwacha mpaka kikaisha, wakampa kibuyu cha uji. Akanywa. Akaomba tena.

Nikasogea.

"Wewe mwenye maneno, kaa huko huko," Mama Safari alinikemea. "Hujazika mtoto. Ukinywa hapa, nani atakufungulia mlango?"

Nilikichukua kibuyu mkononi mwa mdogo wangu, nikanywa.

Kumbe kulikuwa na mchunga mbuzi ng'ambo ya korongo, ametuona. Jioni jirani yangu alinirudishia ungo wangu. Aliutupa nje ya uzio, akaondoka bila kupiga hodi. Huyu ndiye niliyemuuguza masika yote!

Miaka mingi nimesoma na kubishana kuhusu jamii bora. Nimeikuta korongoni, nayo haimpokei mtu mpaka azike. Ni kijiji gani hiki, ambacho mwenye uchungu hana wa kukaa naye ila mwenye uchungu mwenzake?

Wasinifungulie. Ndoo yangu nimeiacha kule korongoni, alikobaki Paulina. Asubuhi nitachota kisimani kwao.