Injini Haikuzama

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na baada ya salamu nakujulia hali. U mzima? Watu huandika swali hili kwa mazoea, kisha wakapita kwenye maneno yao. Mimi nakuuliza kwa sababu nataka jibu. Hapa nyumbani tulishakulilia mpaka majirani wakachoka kutupa pole. Kama mkono unaoshika karatasi hii ni wako kweli, basi kaa chini kwanza, halafu uendelee kusoma.

Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunapumua. Mkeo, wifi yangu, yupo. Nguo zako bado zimening'inia nyuma ya mlango, na ole wake atakayezigusa. Baba naye yupo, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Najua unajiuliza anwani yako nimeipata wapi. Subiri, nitafika huko, na safari yenyewe inaanzia kwenye injini.

Boti ilipokutwa imepinduka, bila wewe na bila mashine pale nyuma, tezini, wavuvi wote walisema neno moja, kwamba bahari imekuchukua. Sote tulikubali isipokuwa baba. Aliigeuza boti, akaiziba, akachukua makasia yake ya zamani na kuanza kukutafuta. Mshipi alikuwa anautupa ili watu wasimcheke tu. Alikuwa hatafuti samaki, kaka, alikuwa anatafuta hata kiatu chako. Kila alipokwenda alikwenda mbali zaidi ya jana yake, mpaka akawa anafika mahali ambapo mikono ya mzee haiwezi tena kumrudisha. Wenzake wakawa wanamfunga kamba na kumvuta nyumbani. Mara ya mwisho walimkuta amelala ndani ya boti, midomo imepasuka na viganja havina ngozi, na mmoja wao akaniambia waziwazi kwamba siku moja watamleta akiwa amefunikwa.

Nikaona basi. Kama siwezi kumzuia asiende, angalau apate kitu cha kumrudisha, na mimi niwe naye nikiwa nimekishika. Wifi aliuza cherehani yake bila kuombwa. Mimi nikaongeza nilichokuwa nacho, nikapanda basi kwenda mjini kutafuta injini iliyotumika. Mpya hata sikuiota.

Nilikwenda kwa yule fundi mnene anayeitwa Mzee Risiti, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kumwandikia mtu risiti tangu azaliwe. Ua wake unaujua wewe mwenyewe kuliko ninavyoujua mimi, sasa nimeshajua hilo. Injini zimefungwa kwenye boriti, pipa la maji ya kujaribia liko katikati, mafuta yametapakaa chini mpaka unatembea kwa adabu. Aliponiona mwanamke na mkoba wangu, akakohoa na kuanza kunisifia rangi za injini zake. Nikamwambia sikuja kununua pazia, anipe bisibisi. Akanipa.

Ya kwanza ilikuwa inang'aa mno. Rangi ilikuwa imepita hadi juu ya vichwa vya boliti, maana yake imepakwa bila kufunguliwa. Nikachomoa plagi, kutu. Nikalegeza boliti ya oili ya gia, ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Nikachungulia kwenye pembe za kabureta na kukuta chumvi imeganda. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba injini iliyozama inaweza kuoshwa, kupakwa rangi na kuapiwa, lakini chumvi hujificha pembeni ikamsubiri mnunuzi. Nikamwambia Mzee Risiti hii imelala chini ya bahari. Akasema labda ilinyeshewa. Nikamuuliza ilinyeshewa na mvua ya chumvi?

Ya pili ilikuwa nzima kabisa, ila mguu wake mrefu. Kwenye boti yetu pangaboi lingekuwa linalima mchanga. Hapo nikaishiwa. Nilijiona narudi nyumbani mikono mitupu, nampita baba anatengeneza makasia yake. Nadhani yule fundi aliniona machozi yananikaribia, kwa sababu alikwenda kwenye kona akavuta turubai, akasema ipo nyingine, alikuwa hajapanga kuiuza bado.

Kaka, niliitambua kabla turubai halijafika chini. Mkono wa kuongozea umezungushiwa tyubu ya baiskeli, ncha yake imechomekwa chini ya mzunguko wa mwisho kama unavyofanya wewe peke yako. Na pale kwenye kifuniko kuna bonde nililolitia mimi, siku niliyoangusha nyundo ukaniita Spana na jina likanikaa mpaka leo. Nikakaa juu ya dumu la mafuta. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba bahari imeirudisha. Nikawaza kwamba kama injini imepatikana, basi na mahali ulipo pamepatikana, na baba atapumzika.

Nilitaka kumuuliza nani aliiopoa. Lakini mikono uliifundisha wewe, na mikono haikunisubiri. Ilifungua kifuniko. Plagi ilikuwa safi. Kabureta safi. Oili ya gia inapitisha mwanga, ileile uliyoitia mwenyewe. Nikaanza kutafuta chumvi kama mtu aliyedondosha pete ya harusi, kila pembe, kila tundu, kwa kucha. Umenielewa lakini? Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ua wa mtu, namwomba Mungu nikute kutu kwenye injini ya kaka yangu, na kutu haikuwepo.

Mzee Risiti akadhani nimefurahi. Akasema kwa majivuno kwamba hii haijaonja maji hata kidogo zaidi ya pale inapostahili, kwamba mwenye mashine aliileta kavu juu ya mkokoteni, akamwomba aikalie mwaka mzima na asimuuzie mtu wa upande wetu. Mwaka ulikuwa haujatimia, ila njaa haina kalenda, alisema hivyo mwenyewe huku anacheka. Nikamwambia nataka kumuuliza huyo mwenye mashine jambo moja kuhusu kabureta. Wala hakusita. Akaniambia uko kwenye njia panda, nyuma ya kituo cha mafuta, unatengeneza jenereta na pampu za maji, na yeye hukutumia vipuri kwa basi. Akakusifu sana. Akaongeza kwamba ulimwambia wewe wimbi hata ukilitazama tu unatapika.

Nikainunua. Ningefanya nini? Ilikuwa nzima, ilikuwa saizi yetu, na pesa ilitosha. Ndani ya pipa iliwaka mara ya pili kuvutwa, ikakojoa maji yake ya kupoza vizuri pembeni, na watu pale wakanipongeza.

Njia nzima nimeibana katikati ya miguu, nakutukana. Sitayaandika hapa, ulishayasikia masikioni mwako siku hiyo kama masikio huwasha kweli. Lakini kabla sijafika nyumbani nilikumbuka ulivyokuwa unasukutua mdomo na kupangusa shati kabla boti haijagusa mchanga, ili baba asijue umetapika tena. Mimi peke yangu nilijua, na nilikuwa nakucheka. Uliipenda injini, bahari hukuipenda hata siku moja. Na baba alikukabidhi boti mbele ya watu wote, analia kwa furaha. Ukashindwa kumwambia huiwezi, ukaona kufa ni rahisi zaidi. Nimekuelewa, na kukuelewa kumenizidishia hasira.

Sasa nikueleze la kwangu, maana sina haki ya kukuhukumu huku nimelificha.

Nilipoitua injini mlangoni, baba alikuja akaishika. Unamjua, yeye anajua makasia, mashine kwake ni kelele tu. Lakini ile tyubu aliitambua, kwa sababu ilitoka kwenye baiskeli yake. Akaipapasa muda mrefu, halafu akaniuliza jambo moja tu, kama ilizama. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika mlango. Nikasema ilizama, baba. Wameiopoa.

Nilidhani mtoto aliyekufa ni mzigo mwepesi kuliko mtoto aliyekimbia. Nilidhani atalia, atakaa, na habari ya kutafuta itaisha. Wifi ndiye aliyelia. Baba aliniuliza wameiopoa wapi. Hilo sikuwa nimeliandaa. Nikataja mahali pa kwanza palipokuja kichwani, ng'ambo ya miamba ya mwisho, kwenye maji meusi ambako mtu wa makasia hafiki. Nilichagua mbali makusudi ili asipaweze. Mjinga mimi, na injini nilikuwa nimempelekea mwenyewe.

Tangu siku hiyo anakwenda. Mwanzoni tulikwenda pamoja. Akifika pale ananiambia nizime, anainama juu ya maji na kukuita jina lako, anakupa habari za nyumbani, halafu anatega sikio kama anayesubiri kujibiwa. Mimi nimekaa nyuma yake nimeshika tyubu yako, nasikiliza uongo wangu ukijibiwa kwa machozi. Kisha akajifunza kuiwasha mwenyewe, akaniacha. Juzi mafuta yalimwishia hukohuko, akavutwa tena kama zamani, ila mbali mara mbili. Jana alikaa uani anafunga jiwe kwenye kamba ndefu. Nikamuuliza la nini. Akasema hawezi kukuacha peke yako chini. Safari ijayo atashuka mwenyewe, ile kamba kiunoni, akushike hata mkono.

Kaka, baba hapandi hata ngazi bila kupumzika.

Leo asubuhi nilimwambia ukweli. Nilimshika mikono nikamwambia injini haikuzama, mwanao yu hai, yuko mahali fulani anatengeneza jenereta. Akanipapasa kichwa, akasema mimi ni mtoto mwema, anajua natafuta njia ya kumbakisha nyumbani. Uongo wangu aliumeza papo hapo. Ukweli ameukataa kwa upole, na sina ushahidi wowote wa kumwonyesha. Ushahidi ni wewe.

Ndiyo maana nimeichomoa plagi. Hivi ninavyoandika namsikia pale ufukweni, anavuta kamba ya kuwashia, anapumzika, anavuta tena. Anadhani mashine imemgomea. Wifi ameficha makasia chini ya kitanda chenu. Hakuniuliza sababu, ila macho yake yananiuliza tangu asubuhi, kwa sababu alisikia niliyomwambia baba. Kwake sikuongeza neno. Yeye ni wako kumwambia.

Hicho kitu kizito ndani ya bahasha, kilichofungwa kwenye kitambaa, ndiyo plagi yenyewe. Najua una kopo zima la plagi huko, na najua Mzee Risiti anaziuza kama karanga. Baba ndiye asiyejua plagi ni nini, na nimebakiwa na muda huo tu, mpaka apite mvuvi mmoja, afunue kifuniko na kumwambia kilichopungua. Iweke mfukoni uje nayo. Njoo kwa basi, kaka, hakuna anayekutaka upande boti. Ukitaka kutapika utatapika hapo mchangani mbele yake, na mimi nitafukia. Sitakucheka.

Nisalimie wote ulio nao huko, kama wapo. Hapa wote wanakusalimu, mmoja bila kujua aamini nini, na mwingine kwa kukuita ndani ya maji.

Nilitaka kuongeza mengine, lakini kamba ya injini imenyamaza. Natoka nikamtazame.

Ni mimi mdogo wako,
Spana