Mkanda wa Kwaya ya Pasaka

Singida Mjini, 6 Mei 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi na wajukuu zako tu wazima, hofu ni kwako na hayo masikio yanayokataa simu. Barua hii nampa utingo wa basi la Sepuka.

Mama, ile mashine ya video waliyoiacha wamisionari imeanza kunielewa. Valvu zake, vile vitaa vya kioo, nyingi zilikuwa zimekufa. Nimehangaika kwenye redio mbovu za wazee wa hapa mjini mpaka nimezipata, na jana ziliwaka zote. Mkanda wa kwaya ya Pasaka, ule aliomo baba, bado unao? Ulikuwa na ukungu, uangalie usipate unyevu tena. Nina miaka arobaini na nane na sura ya baba siijui. Picha yake pekee mliibandika kwenye msalaba wa kaburi lake, mvua ikaifuta sijapata hata akili.

Mwanao,
Obadia

Sepuka, 3 Juni 2023

Mwanangu Obadia,

Marahaba. Mimi mzima, magoti tu. Alizeti tumevuna, siyo haba.

Uliposema ukungu niliona aibu. Baba yako hawezi kwenda mjini ananuka panya. Nimeukunjua mkanda wote, nikaufuta kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, nikauanika kwenye turubai pamoja na alizeti. Maji yalitoka ya kahawia, uchafu wa miaka yote hiyo jamani! Sasa unang'aa. Nimeuzungusha tena kwenye gurudumu lake, utingo anakuletea. Ukimwona baba yako humo, mwambie Marietha wake bado yupo.

Mama yako

Singida Mjini, 9 Julai 2023

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Sisi wazima.

Nimemwona baba. Amesimama katikati ya waimbaji, anaimba, anatabasamu. Salamu zako nimefikisha. Mkanda ukakatika pale pale, kwa hiyo usihangaike kuja.

Mwanao,
Obadia

Sepuka, 20 Julai 2023

Mwanangu,

Marahaba. Nasema mzima kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza.

Waliokuambia baba yako aliimba besi, katikati ya waimbaji, hawakukosea. Lakini Pasaka ile mwalimu wa kwaya aliumwa, akaongoza yeye. Wimbo mzima aliwapa wazungu na mashine yao mgongo. Aligeuka mwishoni tu, kuinamisha kichwa. Ungekuwa umemwona, ungeanza na mgongo.

Nikamwendea Godfrey, fundi redio wa hapa. Nikamweleza nilivyouosha mkanda, akaniambia, "Mama, ule ukahawia ndiyo picha yenyewe." Basi nimemmwaga baba yako kwenye mchicha kwa mikono yangu. Usinibembeleze, Obadia.

Ulipokuwa mdogo ukiniuliza alifananaje, nilikutajia pua yako na macho yako. Ya kwake yameshanitoka, zamani sana. Nalala najaribu, simpati. Mkanda ule nilikuwa nausubiri kuliko wewe.

Hiyo mashine izime, isikumalizie umeme bure.

Mama yako,
Marietha