Uliamini Maumivu ya Wairimu

Kamere, Naivasha

Mama mpendwa,

Goti linaendeleaje? Na Baba, bado anakohoa asubuhi? Sisi huku tuko. Njoki ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka akifunika mdomo. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu nikikupigia unaweka simu kwa spika, halafu boma zima linasikiliza. Haya ni ya masikio yako peke yako. Jirani yangu anaenda kwao Subukia, ndiye atakayekupitishia barua hii hapo Kabazi.

Mama, nina wivu. Nisiposema hivyo mwanzoni, nitaandika uongo mpaka mwisho.

Uliponipigia mwezi uliopita kuniambia dada yangu Wairimu amepelekwa kwa daktari Nakuru, na kwamba yale maumivu yake ya kila mwezi yamepata jina, ulikuwa unalia. Ukanieleza vizuri: nyama kama ile ya ndani ya mji wa mimba imeota nje yake, ndiyo inamtesa akiwa kwa siku zake. Nikasema, "Pole kwake." Kisha nikakaa kitandani na hasira. Sikumkasirikia kwa kuugua. Nilikasirikia machozi yako.

Tulipokuwa shule, Wairimu akishika tumbo, ulimlaza kwa kitanda chako ukamwekea chupa ya maji moto uliyoifunga kwa sweta yako ya kanisa. Shule haendi. Mimi niliyekuwa nikitapika nyuma ya choo nilipewa panga nikakate nyasi ya ng'ombe. "Nyambura ni mgumu, huyu ndiye kijana wangu," uliwaambia wageni, nami nikavimba kichwa. Baada ya sifa kama hizo ningelia vipi? Ulisema pia nikizaa maumivu yangu yataisha. Nimezaa, Njoki ana miaka saba, na hayajaisha. Yamezidi. Na wa pili tumemtafuta miaka minne bila kumpata.

Jumatano iliyopita nilikuwa nimesimama mezani kazini, tukipanga waridi kwa urefu, miguu ikaniacha. Niliangukia ndoo za maua. Supavaiza akaniinua. "Nyambura, hii story ya kila mwezi imetosha. Twende clinic saa hii."

Muuguzi wa pale ni msichana mdogo kwangu, lakini ana maswali! Pedi inajaa kwa saa moja? Dawa ya maumivu inasaidia? Naumwa hata siku zisizo za damu? Nikienda haja kubwa? Nikiwa na mzee wangu? Niliona haya, lakini nikajibu, na mengi yalikuwa ndiyo.

"Mathe, umevumilia hii kitu tangu lini?"

"Tangu darasa la saba."

Akaweka kalamu chini. "Uchungu kidogo ni kawaida. Lakini ikikuangusha job, dawa ikishindwa, ikizidi kila mwaka, hiyo si ya kuvumilia. Hiyo unaleta mapema."

Alisema huenda ni uvimbe kwenye mji wa mimba, au maambukizi ya zamani, au ukuta wenyewe umenenepa, au ule ugonjwa wa Wairimu. Kwa kuniangalia tu hawezi kujua. Ameniandikia nikaone daktari wa wanawake hospitali kubwa ya hapa Naivasha Jumanne ijayo. Nikipata homa, au damu nyingi na kizunguzungu, au uchungu wa ghafla na siku zimechelewa, nisingoje hiyo Jumanne.

Halafu akauliza, "Kwenu kuna mwenye hii shida? Mamako? Sister yako?" Anasema hutembea katika familia.

Mama, nilisema hakuna.

Jina la Wairimu lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini niliona hata hapo, siku yangu moja ya kuulizwa, tutaanza kuongea habari zake. Nikambania. Muuguzi akaandika "hakuna" kwenye karatasi nitakayompa daktari. Nilidhani namkomoa Wairimu, kumbe mgonjwa ni mimi.

Hilo nitalirekebisha Jumanne. Lakini kuhusu wewe sijui nimwambie daktari nini. Nakumbuka siku ulizojifungia chumbani ukatuambia ni malaria. Malaria gani hiyo ya kila mwezi? Najua hakuna aliyekuuliza, hata sisi watoto wako.

Nisalimie Baba, na Cucu mama yake, umwambie namwombea macho. Nisalimie Mjomba mfuga nyuki. Msalimie Wairimu pia, na umuulize alimwambia daktari nini mpaka akaeleweka. Wivu bado ninao, lakini nahitaji kujua.

Usinitumie viazi wala maziwa. Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Wairimu aliniambia ulimshika mkono mkaingia pamoja. Njoo unishike na mimi.

Mwanao,
Nyambura