Nimewahoji Wenzangu Kuhusu Programu ya Ofisi, Sasa Bosi Anataka Jina

Mama Gwantwa, shikamoo. Nishike mkono kabla sijafanya jambo la kijinga, maana nimefika mahali chakula hakipiti na mume wangu ananiambia nakuza mambo. Niite Sekela, si jina langu, na hawa wengine pia nimewabadilisha majina. Nakaa Chapwa, nafanya kazi hapa Tunduma kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo mpakani, na mwenye ofisi ni Osward, kaka mkubwa wa mume wangu, yaani kazini ni bosi na nyumbani ni shemeji, na balaa lote linaanzia hapo.

Shemeji alitununulia programu ya simu, akasema itatunza afya zetu za akili na hapohapo itaongeza kasi ya kazi. Kila asubuhi inakuuliza unajisikiaje, inakuwekea sura ya kucheka, ya kununa na ya kulia, unabonyeza moja, bosi anaiona kwake, halafu kutwa inahesabu nyaraka ulizomaliza, na katikati ya vurugu, malori yamejipanga mpaka huko juu, dereva Mzambia amesimama mlangoni ananiita kwa heshima ya kwao mukwai, mukwai, karatasi zangu ziko wapi, simu inalia mfukoni inakwambia vuta pumzi ndefu, kunywa maji. Mama, na maji yenyewe siku hiyo yamekatika!

Shemeji akaona sura zote zinacheka lakini watu wanaacha kazi, akashangaa, akanituma niwahoji wenzangu ili programu itengenezwe upya jinsi wanavyotaka watumiaji. Akamleta binti kutoka Mbeya, Erica, ambaye ndiye fundi wa hizo programu, akanifundisha kuhoji: mkae wawili, usiitetee programu, ukiuliza nyamaza, na waahidi kwamba hutataja majina. Shemeji alikuwa amesimama palepale, akaitikia kwa kichwa. Nikawaahidi.

Wakasema, Mama. Jairo, anayepeleka nyaraka zetu dirishani forodha, aliniambia, "Dada Sekela, mimi nabonyeza ya kucheka hata jicho la pili sijafungua. Kuna siku nilibonyeza ya kulia, jino linaniua, nikaitwa nikaulizwa kwa nini naishusha ofisi. Nirudie tena?" Tukacheka sana.

Halafu nikakaa na Enesi, anayejaza nyaraka meza ya pembeni yangu. Nilimuuliza mara ya mwisho alibonyeza nini na kwa nini, akanyamaza, na mimi nikanyamaza kama nilivyofundishwa, akaanza kulia. Kumbe mimba yake iliharibika, mume yuko Kitwe na lori, hajamwambia mtu, akarudi kazini akabonyeza ya kucheka ili asiulizwe, na simu ikamwandikia hongera, umekuwa na furaha wiki nzima. Akaniambia, "Bosi anaipenda hiyo sura inayocheka kuliko anavyonipenda mimi mwenyewe." Akanisihi nisimwambie mtu yeyote, maana yeye na mke wa bosi wanaimba kwaya moja na mama mkwe wake bado hajui.

Nikapeleka majibu kwa shemeji. Jina sikuweka hata moja, lakini lile neno la Enesi nililisoma kama lilivyo, maana Erica alisema maneno ya watu wenyewe yana nguvu. Yakawa na nguvu kweli. Shemeji akavua miwani.

"Nani kasema hivyo?"

Nikamwambia tuliahidi.

"Uliahidi wewe. Mimi ndiye mwenye ofisi."

Nikaanza kukusanya karatasi zangu. Akaniangalia, akasema, "Usijisumbue. Huo ni mdomo wa Gibson." Nikatoka bila kumbishia.

Mama Gwantwa, Gibson sijamhoji! Siku zote nilizohoji alikuwa kwao Iyula anavuna kahawa, kwa ruhusa ya shemeji huyohuyo. Aliporudi akaondolewa mezani, akatupwa yadi kulinda malori, na shemeji anasema Jumatatu anamwachisha kazi nisipomtajia mwingine. Wenzangu wote wanaamini mimi ndiye niliyemchoma. Nikiingia wanaacha kuongea. Jairo aliyekuwa ananiita dada sasa ananiita mkaguzi.

Mume wangu Lusubilo anasema, "Si umtaje huyo aliyesema, yaishe? Jumapili tunakula kwa kaka." Yaishe! Nikimtaja Enesi ataitwa aulizwe alikuwa na maana gani, na yote yatatoka, na nisipomtaja, Gibson anapoteza kazi bure kabisa kwa neno ambalo hata hajalisikia. Nani nimtoe? Na programu yenyewe hainionei huruma, asubuhi hii imeniuliza najisikiaje, nikabonyeza ya kucheka.

Sekela, Chapwa

MAMA GWANTWA ANAJIBU

Marahaba, Sekela. Wasomaji wajue kwamba nilikujibu kwa simu siku ileile, kwa sababu Jumatatu yako isingesubiri gazeti. Barua nimeikalia mpaka mwenye siri aliponiambia mwenyewe niitoe.

Nilianza kwa kukugombeza, na hapa narudia. Ulificha jina ukaacha sauti. Penye watu wachache, neno la mtu linatambulika kama anavyotambulika kwa mwendo wake, na hata likidhaniwa la mwingine, lazima atapatikana wa kubebeshwa. Ungesema watu wanaogopa kubonyeza ukweli, ingetosha. Halafu ile ahadi. Mwenye ofisi kuitikia kwa kichwa si kukubali. Ungemtaka atamke mbele ya wote kwamba hatauliza majina, ndipo umkalishe mtu umwambie afungue moyo.

Nikaja kwenye swali lako, nani umtoe. Nani kakwambia lazima umtoe mtu? Kumwokoa Gibson hakuhitaji jina la Enesi. Kunahitaji useme kwamba Gibson hukumhoji, alikuwa Iyula. Hiyo si siri ya mtu yeyote! Mtu alihukumiwa mbele yako, ulijua hahusiki, ukakaa kimya, kisha kimya hicho ukakiita kutunza siri. Huo ulikuwa woga, mwanangu. Naujua ulikotoka, maana si rahisi kumbishia mtu ambaye Jumapili utamtengea chakula, lakini tuuite jina lake.

Nikakutuma kwa Osward kabla ya Jumatatu, ofisini, si nyumbani, na umwite bosi. Lusubilo nikasema umwambie kwamba wali wa kaka yake hautaharibika akiukosa wiki moja.

Ulikwenda. Unasema alifoka mpaka madereva waliokuwa nje wakanyamaza. Ukamwambia Gibson hukumhoji, hakuwepo, na kahawa anayokunywa nyumbani kwake ndiyo hiyo aliyoletewa na Gibson aliporudi kutoka kuvuna. Akataka jina. Ukamjibu kama tulivyosemezana: "Nikikutajia mmoja leo, hakuna atakayekwambia ukweli tena, na wewe ndiye uliyenituma niutafute." Akakufukuza ofisini kwake. Jumatatu Gibson akarudi mezani, bila pole, bila neno. Ukanipigia unalia kwamba bosi hajamwomba msamaha. Na wewe je, ulikuwa umemwomba? Nilikuuliza hivyo. Jioni ukaenda kwake, na nashukuru.

Kwa Enesi ulichelewa zaidi, na hilo lilinikera kuliko yote. Neno lake lilizunguka ofisi nzima naye hajui kwamba limemletea mtu matatizo. Ulipomwambia alikufungia mlango, na alikuwa na haki. Mume wake aliporudi kutoka Kitwe walikwenda pamoja Ibaba kwa mama mkwe, wakamweleza wenyewe, na yule mama, ambaye Enesi alimwogopa kuliko bosi, alimzuia kurudi Tunduma mpaka apate nguvu. Sasa Enesi amepata kazi kwingine. Aliponipigia kuruhusu barua hii alisema, "Itoe, Mama. Kuna mwanamke mahali asubuhi hii anabonyeza ya kucheka."

Sasa umeniandikia tena. Osward anataka programu itengenezwe upya kweli, anataka uhoji upya, na watu hawataki kukaa na wewe. Sasa ulitaka wakupigie vigelegele? Usiwalazimishe, usiwabembeleze.

Mpigie Erica. Mwambie bosi asione sura ya mtu yeyote, na kama haiwezekani, sura zote zitoke. Programu iulize kitu ambacho ofisi inaweza kukitengeneza: nyaraka zipi zimekwama, nani ameelemewa, nani anahitaji mtu wa kumshikia kazi kwa saa mbili. Hizo hongera na vuta pumzi zifutwe. Na kama programu haiwezi kumpa mtu ruhusa ya kwenda nyumbani, isimuulize anajisikiaje. Osward asimame mbele ya wote, Gibson akiwepo, aseme kwa mdomo wake kwamba alikosea na kwamba majina hataulizia tena. Akikataa, rudisha kazi hiyo ya kuhoji, uendelee na nyaraka zako. Akimgusa Gibson tena, mshtakini kwa afisa kazi, na wewe uwe shahidi, shemeji au si shemeji.

Akikubali, wa kwanza kuhojiwa awe yeye. Mkalishe kwenye kiti hichohicho walichokalia wengine. Muulize anaogopa nini mfanyakazi wake akinuna. Kisha nyamaza, hata akivua miwani, mpaka ajibu.