Eda ya Mtu Aliye Hai

Jumatatu, 11 Mei
Nimefagia, nimekuna nazi, nimekaa. Ndiyo eda: nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna kutoka. Mvua imenyesha hapa Munje kutwa. Mume wangu Bakari aliahidiwa kazi ya kulinda maghala ng'ambo. Alipofika akavishwa gwanda, akapelekwa vitani. Mwenzake ndiye aliyetupigia simu kwamba ameuawa. Maiti hatukuiona. Hitima tukasoma, pilau watu wakala.

Jumatano, 13 Mei
Yu hai! Video imeingia kwenye simu yangu. Ametekwa. Kifua wazi, mikono imefungwa, mdomo umevimba. Wamempigisha magoti wanamwambia ajitukane, naye anajitukana. Wanaomrekodi wanacheka. Nimefurahi, na sikuweza kuimaliza. Mavyaa, mamake Bakari, ameitazama mpaka chaji ikaisha.

Alhamisi, 14 Mei
Shemeji Juma amewaita watu wa shirika la misaada. Amekuja mmoja kutoka Mombasa, mwanamke mpole. Amesema watamtafuta Bakari; mateka ana haki ya kuandikishwa na kutembelewa. Kisha akatuomba tusiisambaze video. Eti sheria ya vita inakataza mateka kufanywa tamasha. Nikamuuliza, kwani waliomrekodi hawaijui sheria hiyo? Akasema wanaijua. Nimechukia.

Ijumaa, 15 Mei
Kumbe Juma keshaituma kwenye kundi la ukoo! Majirani wamejazana uani, "hebu na sisi tuone." Mmoja akamwigiza Bakari anavyojitukana, wakacheka. Nimewatimua wote, eda au si eda. Lakini ustadhi wa msikitini naye hawezi kunitoa edani bila kuwa na yakini kwamba mume wangu yu hai. Ushahidi ni video hiyo hiyo.

Jumamosi, 16 Mei
Ustadhi amekuja. Nikamweleza ilivyo, nikamnyooshea simu. Akageuza uso. "Astaghfirullah. Mtu kafungwa mikono, mimi nimtazame?" Akamwapisha mavyaa kwamba amemwona mwanawe kwa macho yake. Basi, yatosha. Nimevua nguo nyeupe. Nimejipaka wanja. Kisha nimeifuta video. Juma nimemsimamia mpaka akafuta ya kwake. Ya kundini sijui imeshafika wapi.

Jumatatu, 18 Mei
Mavyaa alikuja asubuhi, akakaa mkekani. "Niwekee mwanangu."
Nikamwambia nimemfuta. Nikamwambia ni kwa heshima yake, mama.
Halafu akauliza, "Na mimi nitamwona wapi?"
Nilimpa chai, hakuinywa. Shirika halijapiga simu.