Sikukuacha Uende kwa Mama Yako

Mkaza mwanangu Emi,

Sikwenda shule hata siku moja, unajua. Nnasema mimi, anaandika wifi yako Rahma, na nimemwapisha asinipambie maneno. Wewe soma polepole.

Nipo Mabela hapa Maskati, nyumba ile ile. Huku hatujambo. Kwenu sijui, maana simu zetu hupokei tena.

Nnakukumbuka jikoni. Nasor wangu alikwenda Japani kusoma, akarudi na mke Mjapani aliyezaliwa Brazili, mwembamba kama ufito. Mimi siulizi, nakutazama tu. Siku moja ukaniona natia sukari kwenye maharage ya nazi. Ulicheka hata ukakaa chini. Ukanambia kwa Kiswahili chako cha kuokota, "Bibi, kwetu Brazili wananicheka kwa maharage ya sukari!" Nikakwambia, "Basi hasara yao. Lete kijiko." Tangu hapo ukawa wangu.

Ukanihadithia ulivyokwenda Japani kufanya kazi kiwandani, ukidhani unarudi kwenu, watu wakakuuliza umejifunza wapi Kijapani cha mabibi. Wazee wako walihama nacho melini, na kule Brazili kikabaki vile vile. Nikakushika mkono. Mimi nikenda Unguja, vijana wananambia, "Bibi, maneno hayo yamekufa zamani." Na hapa Maskati nikifungua mdomo kwa Kiarabu, wananijua Mzinjibari kabla sijamaliza salamu. Chai yetu ilipoa siku ile.

Na kila Ijumaa mama yako alipiga simu ya picha kutoka Brazili. Kiswahili hakijui, na chake mimi sikijui hata neno. Akinionesha chungu chake, nami nikimwonesha changu. Nikizidisha pilipili, akijishika koo na kutoa ulimi. Alikuwa shoga yangu yule.

Kisha Nasor akafa barabarani, ukaingia eda, miezi minne na siku kumi. Hukulalamika. Mwezi wa pili wa eda mama yako akazidiwa, ndugu zako wakasema njoo. Rahma akasema, "Mama, tukamuulize shekhe, huenda pana njia."

Nikamwambia, "Eda haivunjwi. Udongo wa mwanangu haujakauka."

Wewe ukainamisha kichwa. "Ndiyo, Bibi."

Mama yako akapiga mwenyewe, yuko kitandani. Akaunganisha viganja, akaniinamia mimi, si wewe. Nilimfahamu, Emi. Nilimfahamu vizuri. Nikageuza uso, nikasema naangalia wali usiungue. Hakukuwa na wali.

Akafa wiki ile. Ukalia chumbani, mlango umefungwa. Eda ilipokwisha ukamvisha mwanenu Zuwena viatu, ukanibusu mkono, ukaondoka.

Mwaka huu nilikwenda kwa shekhe. Akaniuliza, "Kwa nini hamkuja siku ile?" Yeye sikumwambia. Wewe ntakwambia. Niliogopa atasema nenda. Haikuwa dini, dini niliisingizia. Niliona ukipanda ndege na mtoto hurudi, na mimi cha Nasor sina kingine. Hapa Rahma ameacha kalamu analia. Nimemwambia, "Utalia baadae, andika."

Sikuombi msamaha. Wa kunisamehe ni mama yako, na hayupo. Wala sikuombi urudi. Magoti yamekwisha, Brazili sitoiona, na Zuwena ameshakuwa mkubwa. Hata akipita mbele yangu simjui. Nnaomba kimoja tu. Akikuuliza kama baba yake alikuwa na mama, usimwambie nilikuwa mwema, na usinyamaze. Mwambie, "Alikuwapo, jina lake ndilo ulilopewa wewe, na ndiye aliyenizuia nisende kwa mama yangu." Anichukie. Lakini anijue.

Nakuaga, mwanangu. Kula vizuri.

Mavyaa wako