Vidonge Nilivyompa Wanjiru

Jumapili, 3 Machi 1996
Nimegonga mkono wa Wanjiru baada ya kanisa, kama kila Jumapili. Naanzia kwenye kovu la kifundo, nashuka kiganjani taratibu kwa ncha ya kidole. Anaposhtuka kama aliyeguswa na umeme, hapo ndipo neva mpya zilipofika. Naweka alama kwa kalamu. Leo alama imeangukia juu ya ile ya juma lililopita: hazijasogea. Wiki saba tangu panga limteleze akikata nyasi za nepia za ng'ombe. Daktari alizishona neva siku ile ile, lakini gumba na vidole viwili vya kushoto bado vina ganzi. Binti yangu ni fundi cherehani, na hahisi kitambaa.
Sijatulia.

Jumanne, 5 Machi
Wateja wake wa Ruiru walikuja hadi hapa Ngoingwa kuuliza duka litafunguliwa lini. Nikawajibu mimi. Nikawaeleza kwamba neva hukua kama milimita moja kwa siku, tena baada ya kuchelewa kuanza. Wanjiru akanikatiza: "Baba, hawa wanataka sketi, si darasa." Wakacheka. Nami nikacheka, kidogo. Wameondoka, nimezunguka boma sijui mara ngapi.

Ijumaa, 8 Machi
Juja. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mhadhiri, aliniingiza maktaba ya chuo. Niandike nilivyoelewa. Neva ikikatwa, sehemu iliyo mbele ya jeraha hufa. Mabaki yake ya mafuta huziba njia. Seli za ala, zile zinazoizunguka neva, hutoa protini ndogo za kupeana habari, ziitwazo sitokini. Hizo huita seli za kinga kutoka kwenye damu. Seli za kinga hula mabaki, kisha nazo hutoa ishara, na seli za ala zinaanza kutengeneza chakula cha neva changa. Kumbe ule uvimbe wa mwanzo ni watu wako kazini.
Ukurasa uliofuata: dawa za kupunguza uvimbe, kama prednisoloni, hunyamazisha ishara hizo.
Nikafunga kitabu.

Jumamosi, 9 Machi
Januari, mkono ulipovimba, Wanjiru alilia. Nilimpa prednisoloni zangu za pumu. Siku tisa. Daktari hakuniagiza. Sikumwuliza. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote, na majirani huja kwangu kuuliza habari za dawa kabla ya kwenda hospitali. Nikazoea kuwa na jibu.
Najichukia.

Jumatano, 13 Machi
Nimemwona daktari, Thika mjini, peke yangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Huenda vidonge vimechelewesha, alisema. Huenda havikubadilisha kitu, maana uvimbe ukizidi nao huacha kovu, na kovu pia huziba njia. Kwa mkono huu mmoja hakuna ajuaye. Nilitaka hukumu. Nimerudi na "huenda".

Ijumaa, 15 Machi
Nimemwambia Wanjiru. Ana jina la mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe namwita Maitu, mama. Kumwomba msamaha kulikuwa kama kuwaomba wote wawili. Alinisikiliza hadi mwisho.
"Kufundisha unajua, Baba. Kuuliza ndiyo hujui."
Akafunga nguo zake, akaenda kwa binamu yake Ruiru.

Jumapili, 31 Machi
Jumapili ya tatu bila kugonga. Jirani mwenye simu anasema hajapigiwa. Nimemkama ng'ombe kwa hasira, akanipiga teke. Haki yake. Napiga hesabu ya milimita za mkono nisiouona. Upuuzi.

Jumamosi, 18 Mei
Ameniita Ruiru. Duka li wazi. Alinipa kiti na chai, akaendelea kubana pindo la pazia kwa pini, polepole, macho yakifanya kazi ya vidole.
"Ai!"
Tone la damu kwenye gumba la kushoto. Akalitazama. Akajichoma tena, makusudi. Kisha kidole cha shahada. Akashtuka. Kile cha kati, hakuna kitu bado.
"Inauma," akasema.
Nilikuwa na maelezo yote mdomoni. Nikayameza.
"Inauma vipi, Maitu?"
Alichukua muda mrefu kunieleza.